Mwanamume Aliyefukiza Ndege

Siku ndege ya kivita ilipofika Nyabugogo, ilimkojolea Mwamini Uwimana.

Hakuna njia ya adabu zaidi ya kulisema jambo hilo. Ilikuwa Jumatatu ya Juni mwaka 1984, saa nne asubuhi, saa ambayo kituo hicho cha mabasi cha Kigali hujaa wachukuzi wenye magunia kichwani, wauza mihogo na madereva wanaotukanana kwa lugha tatu. Mwamini, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, alikuwa amesimama kando ya barabara akingoja majora yake ya kitambaa yashushwe kutoka juu ya basi la Bujumbura. Alivaa gauni la rangi ya maziwa alilolishona mwenyewe, lenye mikono ya puto na mshono uliobana kiuno kwa makusudi, na mtandio wa kijani kichwani. Lori refu lililotoka mpakani Rusumo likasimama mbele yake, kwa sababu basi la Gisenyi lilikuwa limekataa kurudi nyuma. Juu ya lori, chini ya turubai, kulikuwa na kitu kirefu chenye pua. Kwenye pua kulikuwa na tundu. Ndani ya tundu hilo ukatoka ute mweusi, mzito, ukamdondokea begani na kuteremka hadi kiunoni bila haraka yoyote.

Umati ulinyamaza kwanza, kwa heshima. Kisha ukacheka.

Mwanamume mmoja mrefu akaruka kutoka juu ya mzigo. Overoli yake ilikuwa na rangi ya kitu kilichotolewa kwenye mtaro.

"Dada, pole sana," alisema. "Ni mafuta tu."

"Mafuta yana nywele?"

Akainama kutazama. "Ni mafuta na panya."

Akatoa leso mfukoni ili ampanguse. Leso hiyo ilikuwa imepangusa mafuta hayo hayo tangu Rusumo, nayo ilisimama yenyewe.

"Hiyo leso ilikufa lini?" Mwamini aliuliza, akirudi nyuma hatua mbili.

"Nitakufulia gauni, dada. Naapa."

"Wewe? Na wewe nani atakufua?"

Watu wakacheka tena, naye akacheka pamoja nao. Hapo ndipo kosa lilipotokea, maana alikuwa na meno mazuri, na Mwamini aliyaona.

"Naitwa Hamimu Munyakazi. Nina karakana mtaa wa Gitega, nanyoosha bodi za magari."

"Na hili ni gari?"

"Hii ni ndege ya kivita. Imestaafu."

"Ingestaafu ikaoge." Akachukua majora yake, akayabeba upande usio na panya. "Nashonea barazani kwa Mzee Nzeyimana, duka la vitambaa, Biryogo. Lete sabuni. Leso yako iache ulikoitoa."

Ndege yenyewe ilikuwa zawadi. Nchi moja rafiki ilikuwa imeiacha uwanjani ikinyeshewa miaka tisa, na ilipochoka kuitazama ikaitoa kwa moyo mweupe. Kigali kulikuwa na jumba jipya la maonesho lenye ukumbi mrefu usio na kitu cha kutundika katikati. Wakubwa wakakubaliana: ndege itasafishwa, itapakwa rangi, itaning'inizwa darini kwa nyaya tatu za chuma, pua ikielekea mlangoni, ili kila mgeni anayeingia aone kama inamjia yeye. Hakuna fundi nchini aliyewahi kufanya kazi hiyo. Hamimu alichaguliwa kwa sababu aliwahi kunyoosha Folkswageni iliyobingirika bondeni, akainyoosha vizuri mpaka mwenyewe akashindwa kuitambua.

Wenye matumbo mepesi wanaweza kuiruka aya hii. Injini ilikuwa imeshang'olewa huko ilikotoka, na mahali pake walihamia njiwa. Njiwa waliondoka, mavi yao yakabaki, tabaka juu ya tabaka kama keki ya harusi. Alumini ya mbawa iliota kutu nyeupe, ya ungaunga, iliyovimba kama ukoko wa kidonda. Dawa ya kubandua rangi ilinuka kama siki iliyotapikwa, na rangi ya zamani ilivuka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua. Lakini hayo yote yalikuwa manukato mbele ya chumba cha rubani. Kioo cha kifuniko chake kilikuwa kimevunjika kona, mvua ikaingia, na kila kiumbe kilichotafuta pa kufia kilipata anwani pale.

Kila asubuhi Direkteri Nsabimana, msimamizi wa jumba, alipita na tai yake nyembamba na kitambaa puani.

"Hamimu, hii kitu iko nanuka mpaka kwa ofisi yangu."

"Tunaendelea, Direkteri."

"Endelea mbio. Waziri iko kuja siku ya samedi, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Na vitu vya asili usiguse. Ngozi ya ukuta ndani, bakisha. Ile ni historia."

"Hiyo historia ndiyo inayonuka, Direkteri."

"Historia yote iko nanuka," alisema Nsabimana kwa huzuni, akaenda zake.

Siku ya tatu Hamimu alifika barazani kwa Nzeyimana na vitu viwili: mche wa sabuni na kiti cha rubani. Mwamini alikigusa kiti kwa ncha ya rula. Kikatoa maji.

"Kitoe hapa."

"Nataka ukivike kitambaa kipya. Halafu unishonee rubani."

"Rubani wa nini?"

"Wa sanamu. Direkteri hataki kiti kitupu. Anataka mtu mzima, overoli, glavu, kofia. Ndani tutajaza sufi."

"Kwa hiyo utakuwa na mtu mmoja msafi kazini kwako," alisema Mwamini. Akakubali kazi. Hakuwa mtu wa kukataa kazi, na yale meno alikuwa hajayasahau.

Simu zikaanza. Simu ya duka ilikaa mezani mbele ya Mzee Nzeyimana, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, aliyeamini kwamba mwenye simu ana haki ya mazungumzo yote yanayopita ndani yake.

"Halo, mpenzi," Hamimu alisema siku moja kutoka ofisi ya jumba.

"Mpenzi ni nani? Huyu ni Nzeyimana."

"Samahani, Mzee. Naomba Mwamini."

"Yupo hapa. Sema tu, mimi sisikilizi." Akampa Mwamini mkono wa simu, akasogeza kiti karibu.

"Umeoga?" ndiyo ilikuwa salamu ya Mwamini.

"Mara tatu, malaika wangu wa cherehani."

"Mbona nakusikia mpaka huku?"

"Hiyo ni sauti."

"Sauti haina mbavu za panya ndani yake, Hamimu."

"Nimekukumbuka."

"Jikumbuke wewe kwanza, nyuma ya masikio." Lakini alikuwa akitabasamu, na sindano aliyoishika kwa midomo ilimchoma ulimi. Nzeyimana aliona, akaandika kichwani mwake.

Wiki mbili zikaenda hivyo. Hamimu alikuja barazani kila mchana, akakaa mbali kidogo, upande ambao upepo ulikwenda, akiwa na nguo safi na nywele zilizochanwa. Haikusaidia kitu. Harufu ya chumba cha rubani ilikuwa imekaa kwenye ngozi yake na ndani ya kucha. Wateja walipiga chafya. Bibi mmoja aliyeleta shuka za kukunja pindo aliuliza kama kuna maiti chini ya baraza. Mwamini alimpenda Hamimu na kichefuchefu kikampanda, vyote kwa pamoja, na hakujua kimoja kinaishia wapi.

Kisha barua ikaja.

Ilikuwa barua ya posa, imefungwa kwenye leso nyeupe, kutoka kwa Haruna Nsengiyumva, mfanyabiashara wa matairi, mwenye miaka arobaini na miwili na kanzu nyeupe kama chumvi. Alinukia marashi mpaka nzi walipotea njia. Mama Mwamini, mjane aliyefagia ua wake mara nne kwa siku, alimpokea kwa chai na mandazi, na Mwamini akamtazama mchumba wake akila. Haruna alichovya andazi, akalinyonya, akalichovya tena. Vipande vilipoelea kwenye kikombe, alivikamata kimoja kimoja kwa ukucha wa kidole kidogo, ukucha mrefu wa njano aliouotesha mahsusi kwa kazi hiyo. Alipomaliza aliutumia ukucha huo huo sikioni, akautazama, akaridhika, akachagua andazi lingine baada ya kuyabonyeza yote.

"Haruna ni msafi," alisema Mama baada ya mgeni kuondoka.

"Kwa nje, Mama."

"Na huyo wako wa ndege ni msafi upande gani?"

Mwamini akakusanya vikombe.

"Mjomba wako Ndayisaba atatoa neno Ijumaa ijayo, baada ya sala," Mama akaendelea. "Akimwambia Haruna ndiyo, imekwisha. Akirudisha leso na barua, imekwisha vilevile. Kama una mtu mwingine, alete mtu wa kumsemea kabla ya hapo. Lakini mimi mtu anayenuka maiti simkaribishi. Nimeosha maiti wa kweli, nawajua."

Jumamosi Mwamini alimweleza Hamimu yote, barazani, kwa sauti ya chini, huku Nzeyimana akihesabu vifungo vilevile kwa mara ya tano.

"Siku sita, Hamimu. Toa hiyo harufu uje nyumbani."

"Ikigoma?"

"Nitakula mandazi yaliyobonyezwa mpaka nife."

Hamimu alijisugua kwa ndimu, kwa jivu, kwa petroli. Kila alichokitoa kwa sabuni asubuhi, chumba cha rubani kilimrudishia kabla ya adhuhuri. Akaelewa kwamba kuoga ni kazi bure; anayepaswa kuogeshwa ni ndege. Akang'oa paneli ya saa na vipimo, na nyuma yake akamkuta paka, au kilichowahi kuwa paka, ameungana na nyaya kiasi kwamba ilibidi mtu aamue wapi nyaya zinaanzia. Akamtoa kwa mwiko. Fundi mmoja alitapika kwenye ndoo ya rangi, na rangi ile ikabidi itupwe. Lakini ngozi ya ukuta ilikuwa imenywa miaka tisa ya paka, na Direkteri alisema isiguswe.

Ndipo alipokwenda kwa Bi Mukabalisa, mjane mzee aliyeuza udi na ubani karibu na msikiti.

"Chumba kinanuka," alimwambia. "Kuta siwezi kuzibandua."

"Chumba cha mke au cha mgonjwa?"

"Cha rubani."

Bi Mukabalisa akampimia udi. "Mwanangu, kufukiza ni namna ileile. Funga milango, moshi uingie kwenye nyuzi, usitoke. Asubuhi tatu."

Hamimu akafanya hivyo Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Tatizo lilikuwa kifuniko: bawaba zilikuwa zimepinda, hakikukaa chini bila kushikiliwa kwa ndani. Basi aliingia na chetezo chenye makaa, akakiweka sakafuni kati ya miguu yake, akavuta kifuniko kwa kiganja, akakaa mle saa nzima akikohoa gizani kama sambusa kwenye karai. Alitoka macho mekundu kama pilipili. Jumanne alinusa mkono wake, na kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima hakunusa kifo. Akavaa shati la bluu, akaenda Biryogo akipiga mluzi.

Hapa inabidi ifahamike jinsi Biryogo wanavyoishi. Mwanamke huweka chetezo chini ya kikapu, hutandaza nguo ya mumewe juu yake, husubiri moshi uingie kwenye uzi, kisha humvisha na kumsindikiza mlangoni. Mwanamume hajifukizi. Kwa hiyo mwanamume anayenukia udi mchana wa siku ya kazi ni mwanamume aliyetoka kwa mwanamke aliyekuwa na nafasi naye. Mtaa ule husoma udi kama watu wengine wanavyosoma pete. Hamimu alizaliwa hapo na alilijua hilo vizuri. Ila mtu aliyefurahi huwa hakumbuki anachokijua.

"Nusa," alisema, akinyoosha mkono wote mbele ya cherehani.

Mwamini akanusa. Uso wake ukafungwa kama duka. Hakuwahi kunusa kitu kizuri kwa mtu huyu hata siku moja, na sasa amekinusa, na kimemchefua kuliko panya.

"Umetoka wapi?"

"Kazini."

"Na kazini kuna udi?"

"Ndiyo. Nimefukiza ndege."

Nzeyimana aliacha vifungo.

"Umefukiza ndege," Mwamini akarudia polepole. "Ili inukie kwa nani? Kwa helikopta?"

"Mwamini, sikiliza..."

"Amekuvisha vizuri. Mpaka kwenye kola. Anaitwa nani?"

"Hakuna mtu. Niliingia ndani, nikafunga kifuniko..."

"Nyamaza. Ungeniambia umepita msibani, ningejilazimisha kukuamini. Ungeniambia dada yako ameolewa. Lakini ndege, Hamimu? Umenidharau mpaka kwenye uongo?" Akainama, akaokota kipande cha kitambaa, akakiweka puani kama Direkteri. "Ondoka hapa. Ulipokuwa unanuka nilikuvumilia. Sasa ndio unanitia kinyaa."

Jioni ile alimwambia mama yake kwamba mjomba anaweza kusema ndiyo. Mama alifurahi, akafagia ua mara ya tano. Mwamini aliketi akayakumbuka mandazi, akaona kwamba kinyaa kikizidi sana mtu hawezi tena kuchagua, hufumba macho akameza.

Jumatano simu ililia mara saba.

"Anasema amefukiza ndege," Nzeyimana alitangaza.

"Mwambie aende akaioe."

"Anasema..." Mzee akaziba mkono wa simu kwa kifua chake. "Mwanangu, huu uongo ni wa kijinga mno. Mtu mwenye akili hawezi kuutunga."

"Wanaume wenye akili wamekwisha. Kata simu, Mzee."

Ijumaa saa nne asubuhi, Peujeo ya Direkteri ikasimama mbele ya baraza.

"Madamu, leo napandisha ndege. Rubani yako iko naanguka mbele kama mulevi. Kuja ushone yeye na mikanda, huko huko ndani."

"Fundi wako yuko?"

"Iko."

"Akae mbali."

"Nitaweka yeye kwa mukia."

Mwamini akaenda, kwa sababu kazi ni kazi, na kwa sababu saa nane mjomba angetoa neno na alitaka kuwa mahali pengine popote. Ukumbi ulinuka rangi mbichi. Ndege, ambayo aliijua kama lori linalokojoa, ilikuwa imekaa juu ya magogo ikiwa ya fedha, imenyooka, bila donge wala ukoko, na ribiti zilizounganisha mabati yake zilipangwa kama mshono wa cherehani nzuri. Jambo hilo lilimkasirisha. Hamimu alikuwa ameinamia mkia na pima maji mkononi, na hakuthubutu kugeuka. Mwamini akapanda ngazi, akaingia ndani, akavuta mtandio puani, akajikunja chini ya magoti ya sanamu kushona mkanda wa nyuma ambako hakuna aliyemwona.

Hakuna aliyemwona. Direkteri alitazama chumba cha rubani, akamwona rubani mmoja ameketi vizuri, akapuliza filimbi. Mafundi sita wakavuta minyororo ya makapi ya kupandishia mizigo, ndege ikaanza kupanda polepole, na Mwamini, aliyekuwa na sindano mdomoni na hasira kichwani, alidhani ni kizunguzungu.

Ilibidi ashushe mtandio ili akate uzi kwa meno. Akavuta pumzi. Kwanza alikuja paka, kwa mbali, mkavu, kama tusi lililosemwa chumba cha pili. Halafu juu yake, ndani ya ngozi ya ukuta, kwenye kila uzi, ukaja udi. Akagusa ukuta, vidole vikanukia. Sakafuni, kati ya makanyagio mawili, kulikuwa na duara jeusi la kuungua, ukubwa wa kitako cha chetezo. Akainua macho. Ndani ya kioo cha kifuniko, kwenye masizi, kulikuwa na alama ya kiganja kikubwa cha mtu aliyekishikilia kwa muda mrefu kisifunguke.

Akakaa hapo amepiga magoti. Kisha akasimama ili amwite, akaona sakafu ya ukumbi iko mita tano chini.

"Hamimu," alisema.

Mafundi wakaacha minyororo. Direkteri akaondoa filimbi mdomoni. "Mungu wangu. Rubani iko nasema."

"Mshusheni," alisema Hamimu, na sauti yake haikuwa na mzaha.

Wakavuta. Kapi la mkia lilitoa mlio, jino likakwama, ndege ikabaki pale ilipo ikipepesuka kidogo. Hamimu alishaleta ngazi, akaipanda mpaka mwisho wake, na mwisho wake ulifika tumboni mwa ndege. Kwa hiyo mazungumzo muhimu kuliko yote ya maisha yake aliyafanya akiwa ameegemeza shavu kwenye alumini, akisema na bati.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Ulikaa humu ndani na moshi?"

"Asubuhi tatu."

"Kifuniko kimefungwa?"

"Bila kukishika hakifungi."

"Ungekufa."

"Nilikohoa tu."

"Kwa nini hukuniambia vizuri?"

"Nilikuambia. Ukaniuliza habari za helikopta."

Mafundi sita waliangalia viatu vyao. Juu, Mwamini alijifuta uso kwa glavu ya sanamu.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa sita na robo," alisema Direkteri.

"Mjomba ana barua mfukoni. Wakitoka kwenye sala atasema ndiyo. Direkteri, nisaidie. Piga simu dukani kwa Nzeyimana, yeye atamkimbilia."

Nsabimana alikuwa ametumikia serikali miaka kumi na tisa bila kuombwa jambo lolote lenye maana. Akakaza tai, akaingia ofisini, akaacha mlango wazi.

"Halo. Hapa ni Jumba ya Maonesho, ofisi ya Direkteri. Napenda kukujulisha kwamba binti iko hewani." Akasikiliza. "Binti ya cherehani. Iko hewani, na iko nakataa." Akasikiliza tena, akatokeza kichwa mlangoni. "Madamu, uko nakataa nini? Yeye iko nauliza."

"Haruna. Mjomba arudishe leso na barua."

"Iko nakataa Haruna," alisema ndani ya simu. Kichwa kikatokea tena. "Nauliza sababu."

Mwamini alifikiri. Sababu zilikuwa nyingi na muda ulikuwa mchache.

"Ukucha."

"Sababu iko ukucha," alisema Direkteri kwa simu, kwa uzito wote wa ofisi yake. "Ndiyo. Ukucha moja. Asante."

Mzee Nzeyimana hakuwa amekimbia tangu nchi ipate uhuru. Siku hiyo alikimbia, akishika kofia kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono wa pili, akamkuta Ndayisaba bombani msikitini akiosha miguu, akamnong'oneza kwa pumzi iliyobaki. Mjomba hakupendezwa. Binti anayebadili neno Ijumaa mchana ni aibu, na Haruna ni mtu wa matairi mengi. Hata hivyo baada ya sala alimpa leso, bado ina fundo, akasema maneno yanayosemwa. Haruna alifungua fundo, akahakikisha barua ni yake, akaiweka mfukoni. Kisha akapenga kamasi ndefu kwenye ile leso, akaichungulia, akaikunja. Ndayisaba, aliyekuwa upande wake mpaka dakika hiyo, akahama.

Kapi lilitengenezwa saa tisa, Mwamini akashuka. Alipotoka tu, pua ya ndege ikainuka juu kama mbwa aliyesikia mlango. Kumbe ilikuwa imesimama sawa kwa sababu yake. Ilibidi wamjaze rubani mchanga mpaka pua irudi chini, na Hamimu aliumimina kwa koleo ndani ya sanamu yeye mwenyewe, akijua sasa uzito wa mchumba wake kwa kilo. Direkteri alitaka kuuandika kwenye ripoti. Hamimu alimshauri, kwa usalama wake, aache.

Waziri alikuja Jumamosi, akasimama chini ya ile pua, akasema inatisha. Posa ikapangwa Jumapili alasiri, Nzeyimana awe msemaji.

Jumapili asubuhi ubawa wa kushoto ulionekana umeinama kidole kimoja. Hamimu alipanda kukaza waya mara moja tu, akiwa tayari amevaa kanzu. Ndani ya ubawa kulikuwa na bomba ambalo hakuna aliyejua lipo, na ndani ya bomba kulikuwa na galoni mbili za ule ute wa Nyabugogo, uliopumzika miaka tisa. Wote ukamshukia. Angerudi kujisugua, angechelewa, na Mama Mwamini hakuwa mtu wa kungojeshwa. Akaenda alivyo. Nzeyimana aliketi naye kwenye teksi, na kufika Biryogo naye alikuwa ameambukizwa.

Mama alitoka mlangoni, akanusa, akanyoosha kidole mpaka mwisho wa ua, penye mtaro.

"Kaeni pale. Wote wawili."

Posa husemwa kwa sauti ya chini, mkekani, goti kwa goti. Nzeyimana aliisema kwa kupiga kelele kutoka mtaroni, mita kumi na tano, na mtaa mzima ukanyamazisha redio.

"Tumekuja kutafuta mke," alipaza sauti.

"Nani anaoa?" Mama akapaza yake.

"Hamimu Munyakazi, fundi wa bodi."

"Ndiye anayenuka hivyo, au ni wewe?"

"Tunasaidiana."

Jirani wa ukuta wa pili akacheka, akajifanya anakohoa. Mjomba Ndayisaba alimwinamishia Mama kichwa kukubali, maana bado aliikumbuka leso ya Haruna. Mama hakumtazama. Alimgeukia binti yake, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza haikuwa na ufagio ndani yake.

"Utaweza? Hii haitakuwa ndege ya mwisho. Kesho ni mtaro, keshokutwa ni gari lililookotwa mtoni. Atakurudia hivi maisha yote."

Mwamini alikuwa amevaa gauni jipya la waridi, hina mpaka kwenye vifundo. Alichukua sinia la chai, akavuka ua, akiwa ameziba pumzi kama mtu anayepita karibu na moshi. Katikati ya ua bado alikuwa ameziba. Alipofika hatua moja mbele ya Hamimu, macho yao yalipokutana, aliachia pumzi, akavuta nyingine kifua kizima.

Machozi yalimtoka palepale.

"Mbaya?" Hamimu aliuliza.

"Mbaya sana," alisema Mwamini, akaketi kando yake.